Mlango wa Mama Shani

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Daktari, kijana aliyeanzisha kundi la WhatsApp la wanafunzi wake alinitumia ujumbe wa sauti. Ni kijana mwenye adabu, huwezi kumchukia. "Shikamoo madam. Tunaandaa kijitabu cha kumuenzi mzee wetu, na wewe ndiye msaidizi wake wa kwanza kabisa, enzi zile za Mabibo. Tunaomba ukurasa mmoja tu. Kitu kizuri, madam, cha kumbukumbu." Niliusikiliza mara mbili nikiwa nachambua mchele, na mara ya pili nikagundua nimetupa mchele nikabakiza mawe. Najua desturi yetu: marehemu hasemwi. Nimekaa kwenye misiba ya watu waliowatesa wake zao hadi mtaa mzima ukasikia, nikawasikia wakiitwa nguzo ya familia, nikainamisha kichwa na kuitikia amina. Lakini hili la kitu kizuri limenikwama kooni. Kwenye kundi tayari watu wanaandika kwamba alikuwa baba wa wanyonge, kwamba aliwapenda nyuki kwa sababu nyuki wanajitolea kwa ajili ya wenzao. Basi nitaandika. Jina lake sitaliandika, maana ameacha watoto na hawajanikosea kitu. Nitamwita Daktari tu, kama tulivyomwita, ingawa alikuwa msomi wa nyuki, si tabibu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza shahada, sina kazi, na simu ya mkononi bado ilikuwa kitu cha kuazimana. Nilikotoka na walionizaa si hoja ya ukurasa huu. Hoja ni chumba. Daktari alikuwa amepanga nyumba Mabibo, jirani kabisa na soko la ndizi, na katika chumba cha mbele, ambacho kwa watu wengine kingekuwa sebule, alikuwa ameweka mzinga wa kioo. Sega moja refu limesimama kati ya vioo viwili, limefunikwa kwa kitambaa cheusi, na bomba limetoboa ukuta ili nyuki watoke na kuingia bila kupita kwetu. Uani kulikuwa na mizinga minne ya mbao, imepangwa kando ya ukuta. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya stuli, kufunua kitambaa, na kuandika kwenye kaunta buku. Niliwapaka nyuki rangi ya kucha mgongoni, tone moja moja, nyekundu, nyeupe na ya fedha, rangi nilizozinunua kwa wamachinga wa Manzese ambao walinishangaa kwamba nanunua rangi zote hizo na kucha zangu ni tupu. Kwa tone hilo nilimjua kila mmoja. Niliona nyuki aliyezaliwa Jumatatu akianza kwa kusafisha vyumba vya sega, baada ya siku kadhaa akalea watoto, kisha akajenga, kisha akasimama mlangoni kulinda, na mwisho, akiwa mzee wa wiki tatu, ndipo akatoka kutafuta chakula. Niliona aliyerudi na mbochi, yale maji matamu ya maua, akicheza ngoma yake gizani, anatikisa kiuno akielekea upande mmoja, anazunguka, anarudia, na wenzake wakimfuata kwa vipapasio vyao hadi wakaelewa ni upande gani na ni mbali kiasi gani. Nisiwe mnafiki: niliipenda ile kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Kuna siku nilisahau kula.

Kusahau kula hakukuwa rahisi hata hivyo, kwa sababu ya Mama Shani. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mluguru wa Matombo, mfanyabiashara wa ndizi. Chumba chake cha uani, kilichoegemea ukuta wetu, ndicho alichovundikia. Mikungu mibichi ikishuka kwenye lori alfajiri, alibakiza ya kwake ya kuivisha, akaipanga humo, akaifunika kwa majani na magunia, akafunga mlango siku tatu nne. Akiufungua, harufu ilijaa mtaa mzima, tamu, nzito, mpaka nguo zilizoanikwa zilinukia ndizi. Saa saba mchana alinipigia kelele juu ya ukuta: "We mke wa nyuki! Njoo ule, waume zako hawaendi popote!" Nilikwenda. Tulikaa kwenye mkeka ukumbini, yeye, binti yake Shani aliyekuwa darasa la sita, na mimi. Wali na maharage ya nazi, mchicha, siku nyingine dagaa waliokaangwa wakakauka kabisa. Na baada ya chakula, lazima ndizi mbivu moja. Haikuwa ombi. Alikumenyea nusu akakukabidhi, kama unavyomfanyia mtoto. Kisha nilirudi kazini, na mara nyingi, nikikaribia mizinga ya uani, niliumwa: mdomoni, kwenye vidole. Nilijiona mzembe. Mama Shani alicheka hadi machozi. "Hao wanakuonea wivu. Wamenusa umekula kwangu."

Daktari alikuwa na sheria moja ambayo wote tuliichukulia kuwa maringo. Ofisini kwake, mle mle kwenye nyumba ya nyuki, hapaingii ndizi. Mtu amepanga Mabibo, lori za ndizi zinapita mlangoni kwake, na hataki kuiona ndizi. Mlinzi wa usiku wa nyumba yetu alisema labda kwao walikula ndizi sana utotoni ikamkinai. Na alikuwa na jambo jingine la ajabu. Kwenye kaunta buku langu alichora safu tatu kwa mkono wake. Ya kwanza saa, ya pili idadi ya walinzi waliotoka mlangoni mwa mzinga, na ya tatu aliandika juu yake: Mlango. Nilipomuuliza mlango gani, akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Wa jirani. Ukifunguliwa, weka tiki. Kelele za mlango huwashtua." Nikaweka tiki. Miezi mitano niliweka tiki kama mwanafunzi mzuri, na hata siku moja sikujiuliza mbona mlango wetu wenyewe, uliokuwa ukilia bawaba kuliko wake, haukuwa na safu.

Aliyeona wa kwanza hakuwa Daktari wala mimi. Ilikuwa mwanzoni mwa vuli, tunakula, Mama Shani akaweka chini tonge. "Sikia, mwanangu. Hawa nyuki wenu wana mambo. Mie nikifunga ndizi, wapole, wanapita zao. Siku nikifungua tu, wanakujaga kwangu na ubaya. Waambie wakubwa zako." Nikaandika vile vile, neno kwa neno, nikaona nimefanya la maana. Daktari alisoma, akapiga mstari mwekundu chini ya maneno yale, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Safi sana. Huyu mama ana jicho." Jicho! Bado nalikumbuka neno hilo, na bado linanipandisha damu kichwani.

Wiki ile ile nilikuwa nafuta vumbi kwenye rafu yake. Nikachukua kitabu kimoja kinene cha nyuki, nikafungua palipokuwa na karatasi ya kuwekea alama. Palielezwa jambo ambalo wafugaji wengi wanalijua: nyuki akishauma, mwiba wake unabaki kwenye ngozi na kutoa harufu, na harufu hiyo ni mwito kwa wenzake, umeni hapa. Kisha kitabu kikasema harufu yenyewe inafanana na ya ndizi mbivu. Hilo lilikuwa limepigiwa mstari kwa penseli. Pembeni, kwa mwandiko wa Daktari nilioujua vizuri, paliandikwa neno moja na alama ya kuuliza: Mabibo? Nilikaa chini sakafuni. Niliikumbuka midomo yangu iliyovimba. Niliikumbuka sheria ya ofisini. Ile safu ya tatu niliiona mbele ya macho yangu kama imeandikwa ukutani.

Nilimsubiri hadi akaja. "Daktari, kumbe ni ndizi. Ulijua?" Hakuona hata haya. Alivua miwani akaifuta. "Ulidhani nimepanga Mabibo kwa sababu ya hewa nzuri? Wapi pengine utapata chumba cha ndizi kinachofungwa na kufunguliwa kwa ratiba, ukuta mmoja na mizinga, bila wewe kulipa senti?" Nikasema basi tumwambie Mama Shani, ana mtoto pale. Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyemuangusha. "Ukimwambia, atahamisha ndizi au ataniletea mjumbe wa nyumba kumi. Vyovyote vile mwaka wetu umekufa. Sayansi haiingilii, binti. Inatazama." Halafu akaongeza, kwa upole, na huu upole ndio ninaouchukia kuliko yote: "Na barua yako ya kwenda kusoma zaidi nitaiandika tukimaliza."

Nikanyamaza. Sitaki kulipamba hili. Nilitaka ile barua kuliko nilivyotaka kitu chochote. Kesho yake saa saba niliitwa ukutani, nikaenda, nikala wali wa Mama Shani, na aliponimenyea ndizi nikaweka mkono tumboni. "Leo hapana mama, tumbo." Kesho yake tumbo. Kesho kutwa tumbo. Nilikuwa nimejua kitakachonikinga mimi, na nikajikinga. Hakunilazimisha. Alimpa Shani ile ndizi.

Ikaingia Ramadhani. Chakula cha mchana kikahamia magharibi, nami ingawa ni Mkristo nilialikwa kufuturu kila siku: uji wa pilipili manga, maboga, mihogo, na ndizi mbivu zilizoungwa kwa nazi, ambazo niliziruka kijiko kwa kijiko. Mwezi ule ndizi zinatakiwa kila nyumba, kwa hiyo chumba cha Mama Shani kilijaa hadi kwenye paa, na mlango ulifunguliwa kila alasiri. Daktari aliona neema. Akaleta jaribio. Kipande cha ngozi nyeusi, ukubwa wa kiganja, kimefungwa kwa kamba kwenye ufito. Unakitikisa mbele ya mzinga dakika moja, walinzi wanakishambulia, halafu unakwenda kando na kuhesabu miiba iliyobaki. Mara kumi mlango wa jirani ukiwa umefungwa, mara kumi ukiwa wazi. Ya mlango uliofungwa ilikuwa miiba michache tu. Ya mlango ulio wazi, ngozi ilijaa miiba kama brashi. Siku ya kwanza ya mlango wazi Mama Shani aliumwa mara moja shingoni. Siku ya pili mara tatu. Alitoka nje na kanga kichwani akanitania juu ya ukuta, "Leo wana swaumu gani hawa, wana hasira hivi?" Siku ya tatu alimzuia Shani asitoke kwenda uani. Yote hayo niliyaona. Siku ya nne nilivaa wavu, nikavaa glavu, nikatazama saa, nikatazama mlango wake. Ulikuwa wazi. Nikautikisa ule ufito.

Sikumaliza dakika. Mzinga wa pili na wa tatu ilifunguka kwa pamoja, sauti yake ilikuwa ya mafuta yanayomwagiwa maji, na nyuki wakanipita. Mimi hawakunitaka. Walivuka ukuta. Nilisikia ndoo ikianguka, nikasikia "Shani, funga! Funga mlango!" na baada ya hapo sikusikia maneno tena. Watu wa sokoni walikuja na majani mabichi na moshi, wengine na mafuta ya taa, wakaichoma mizinga yetu yote minne, na hawakukosea. Walimtoa Mama Shani amefungwa kanga kichwa kizima. Shani alikuwa salama ndani, kwa sababu mama yake aliuvuta mlango wa nyumba kwa nje, akabaki uani na nyuki. Muuguzi alichomoa miiba akachoka kuihesabu. Mmoja ulikuwa umeingia kwenye jicho la kulia. Jicho lile halikuona tena.

Daktari alifika jioni. Alisimama kwenye majivu ya mizinga, suruali ameikunja asichafuke, akaniuliza swali la kwanza. Nimewaeleza watu wachache katika maisha yangu swali hilo na hakuna aliyeniamini papo hapo. Aliuliza, "Uliwahi kuhesabu miiba?"

Jumapili yake mjumbe aliita kikao uani kwa Mama Shani. Viti vya plastiki, watu wa soko wamesimama, Mama Shani amekaa na bandeji kubwa usoni. Daktari alikuja na shati jeupe na kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Aliposimama kusema, alianza na neno kitaalamu, na nikaona watu wanatulia, maana mtu akishasema kitaalamu, sisi wengine tunajiona hatukusoma. "Kitaalamu, harufu ya ndizi mbivu huwachokoza nyuki. Sasa huyu mama ameweka shehena ya ndizi mbivu hatua chache kutoka kwenye mizinga. Inasikitisha, lakini ndivyo ilivyo." Hivyo ndivyo alivyosema! Maneno aliyoyaficha miezi yote ile ili yasimkinge aliyatoa siku ile ili yamhukumu. Mama Shani akasema taratibu, "Mie nipo hapa miaka kumi na moja. Nyuki ndio wamekuja juzi." Watu wakaguna. Kisha akageuka, akanitafuta kwa jicho lililobaki, akaniona nyuma ya Daktari. "Mwanangu, wewe sema. Mlijua?"

Daktari hata hakunigeukia. Alikuwa na hakika nami. Nikasema, "Hatukujua, mama. Tumejua sasa hivi." Mjumbe, mtu mwema aliyetaka mambo yaishe, akaamua: Daktari aondoe nyuki, ambao wengi walikwisha kuungua, na Mama Shani aache kuvundika mle. Aliyepoteza jicho ndiye aliyeambiwa ahamishe ndizi zake. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehamia Mbagala, upande wa Temeke, mbali na wateja wake wote.

Barua niliipata. Ilikuwa nzuri, ilisema mimi ni mwangalifu na mwaminifu. Niliitumia, nikasoma, nikawa mwalimu wa baiolojia, nikala mkate wa barua ile miaka ishirini na kitu. Fuata nyuki ule asali, wanasema; mimi nilifuata na nikala, na nimechelewa sana kusema ilikuwa na ladha gani. Andiko la Daktari lilimpa jina kubwa. Nimelisoma lote. Mama Shani yumo, kwenye ukurasa wenye mchoro wa uani: mstari mmoja ni ukuta, viboksi vinne ni mizinga, na duara dogo limeandikwa chanzo cha harufu. Jina lake ni Mwanaidi Kibwana. Naliandika hapa kwa herufi zote. Na wale wanaoandika kwenye kundi kwamba Daktari alijifunza kujitolea kutoka kwa nyuki, niwaambie nilichokiona Mabibo kwa macho yangu: nyuki akiuma, anakufa. Gharama ya ule mwiba anailipa mwenyewe. Daktari aliuma kwa kutumia mkono wangu, akaishi hadi mvi, akazikwa na hotuba saba.

Kwa hiyo kijana wangu, usiulize tena kila asubuhi kama ukurasa uko tayari. Uko tayari na umezidi. Lakini kabla ya kukutumia nilikuwa na mtu wa kumsomea kwanza. Jumamosi nilikwenda Mbagala. Ilinichukua siku nzima kumpata, kwa kuulizia wauza ndizi mmoja baada ya mwingine, na wote walimjua. Amezeeka, amekuwa mdogo, amekaa barazani kwa Shani na meza ya ndizi mbele yake. Shani mwenyewe ana watoto watatu. Alinikaribisha kiti, akarudi ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mke wa nyuki." Aliitambua sauti kabla sijakaa.

Nilikuwa na kaunta buku kwenye mkoba, na hotuba nzima niliyoipanga njiani. Hotuba yote ilinipotea. Nikasema, "Mama, nilijua. Ile siku ya mjumbe nilikudanganya. Nilijua wiki tatu kabla."

Alikuwa anapanga ndizi, hakuacha kupanga. "Si ndio ulipoacha kula ndizi zangu." Aliisema kama mtu anayetaja siku ya soko. "Mtoto anakula kwangu miezi mitano, ghafla tumbo. Wiki ya kwanza nikasema huyu ana mimba, mjinga huyu, kapewa na nani. Wiki ya pili nakuangalia, tumbo lipo pale pale. Nikajua kuna kitu unakijua. Nikasema atasema mwenyewe, si mtoto mbaya."

"Kwa nini hukuniuliza, mama?"

Akaniinulia uso, lile jicho jeupe na lile zima. "Nilikuuliza. Mbele za watu wote. Nilitaka utoke nalo mwenyewe."

Alichagua ndizi moja mezani, akaigeuza kuona kama imeiva, akaimenya nusu kama zamani, akanyoosha mkono.

"Haya. Leo tumbo linasemaje?"

Nikaipokea, nikaila yote pale pale barazani, hadi kipande cha mwisho.